Bakuli la Mama kwenye Kabati la Kioo

Marahaba, mjukuu wangu Kanisia. Kahawa tumemaliza kuchuma, na babu yako, huyo mume wetu, goti lake limepoa. Unauliza utaingiaje nyumbani Krismasi mikono mitupu.

Juzi sisi wanakwaya tulishuka Ngumbo, kule ziwani nilikozaliwa, kutazama nyumba ya mhubiri wetu wa zamani. Siku hizi ni makumbusho. Kwenye kabati la kioo nikakuta bakuli la mama yangu, lile la bluu lenye pengo ukingoni! Mimi mwenyewe, nikiwa msichana, nilimpelekea mhubiri usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga humo. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, naye hakuwa na cha kutia. Akaona aibu, akaacha hata kupita kwetu, mpaka akafa.

Mama alinung'unika miaka mingi: "Nani alimwambia nataka bakuli? Nilitaka aje tuongee."

Mwanamke anayetunza nyumba ile alitueleza kwamba mhubiri alilipenda sana bakuli hilo. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniita garini.

Njoo, Kanisia. Mikono mitupu ndiyo nitakayoishika vizuri.

Bibi yako,
Maguu