Mrija wa Damu na Kikombe cha Maziwa

Jumatatu, 3 Machi 1969

Mara nne leo. Kutoka mlango wa darasa mpaka choo ni hatua arobaini na moja. Nimezipunguza hadi thelathini na sita kwa kukanyaga maua ya direkta, mkuu wa shule. Darasa la tano wananakili ubaoni kila asubuhi: naandika ukurasa mzima, natoka mbio, narudi, nawakuta bado wameinama. Wazazi wa Kashuga wananisifu eti watoto wangu wana mwandiko mzuri kuliko shule zote. Mwandiko ule ni kazi ya tumbo langu.

Damu tena. Nimetoboa mkanda tundu la tatu. Sindano za amiba nimeshachomwa mizunguko mitatu, na sijaona faida yake zaidi ya makalio kuuma.

Jumatano, 5 Machi

Mama Uwera alileta maziwa. Ng'ombe wao wanalishwa juu ya mashamba yetu ya maharagwe, na tangu tuhamie hapa hajaruka juma hata moja. Alimimina kikombeni, akaonja yeye kwanza, akanipa. Ndivyo tunavyofanya huku: anayetoa anaonja, ili anayepokea ajue hakuna sumu.

Leo niliangalia koo lake. Nilitaka kuona kama amemeza kweli.

Alimeza. Na aliniona nikiangalia. Nimejichukia jioni nzima.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa alikuja kaka Bauma, mkubwa wangu. Hajui kuketi. Alisema akiwa amesimama mlangoni, mke wangu Mama Furaha akisikia yote.

"Unahara damu tangu ulifika hapa Kashuga. Nani anakupa kitu cha kunywa kila juma? Muntu moja tu. Ule mama wa ng'ombe."

Anataka kuita ukoo, kisha kupeleka neno kwa chefu, mtawala wa eneo, ili familia ile iondolewe mlimani. Mtu akishaitwa mpiga sumu huku, hata chefu hawezi kumrudishia jina lake. Nimeona nyumba ikichomwa kwa neno hilo. Mama Uwera ana watoto watano.

Nilinyamaza. Hapo ndipo pabaya, na daftari hili halina mwingine wa kulisoma, basi niandike wazi: ugonjwa huu haukuanza Kashuga. Najua siku ulipoanza. Sikusema.

Alhamisi, 13 Machi

Nilianguka ubaoni. Chaki mkononi. Nimebebwa kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka hospitali ya misheni, wanaume wanne wakipokezana, na kila mmoja akashangaa nilivyo mwepesi. Mmoja alisema amewahi kubeba mbuzi mzito kuliko mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Dokta ni kijana, Mukongo mwenzetu, ametoka masomoni juzijuzi. Alinipima kwa bomba la chuma. Sitaandika alilipitisha wapi. Alisema hakuna amiba. Utumbo wangu mkubwa wenyewe una vidonda, umevimba, unawaka. Si mdudu, si sumu. Mwili unajipiga wenyewe, na hakuna ajuaye kwa nini.

Akauliza ulianza lini. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikamwambia.

Mubi, kule Walikale, mwaka 1966. Mama Furaha alikuwa amebaki kwao kujifungua. Mkaguzi wa shule alikuja darasani kwangu. Nilikuwa naonyesha mito ya Kongo kwenye ramani. Tumbo likakata, sikuuwahi hata mlango. Mbele ya watoto hamsini na mkaguzi mwenye suti nyeupe. Juma lile lile niliomba uhamisho, na nyumbani nikasema nimepandishwa cheo.

Hiyo ni miezi saba kabla sijamjua Mama Uwera kwa sura. Mwaka mzima nilificha. Nilipokonda mno ndipo ukoo ulipojua, na wanahesabu kuanzia hapo.

Dokta hakucheka. Aliandika tu: miaka mitatu.

Jumatatu, 17 Machi

Papa Anselme, mpimaji wa damu, ana mirija myembamba ya kioo inayosimama kwenye ubao. Anatia damu yako humo, anaiacha saa moja. Wekundu unazama, maji ya njano yanabaki juu. Kwa mtu mzima unazama kidogo. Kwa mwenye moto ndani, unakimbia.

Bauma alikuja kunitazama, na kwa kuwa haamini kitu, Papa Anselme alimwomba damu yake pia. Alikubali! Tuliketi saa nzima kama watu wanaongoja sufuria. Yake: milimita nane. Yangu: sabini na mbili. Nilidhani sasa ameona.

"Hiyo njo sumu," akasema. "Iko nzito, inavuta damu chini."

Papa Anselme aliosha mirija.

Jumatano, 26 Machi

Maji ya damu yangu yalipelekwa Bukavu kwa gari la misheni, kwenye chupa ndogo, kupima mafuta yaliyomo. Kolesteroli, wanayaita. Leo karatasi imerudi: chini sana, haifiki hata gramu moja kwa lita.

Nilifurahi. Nilijisifu kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Mkurugenzi wa zamani wa shamba la chai, mtu mnene anayejulikana na wote huku, alikatazwa siagi na nyama kwa sababu kolesteroli ilikuwa juu. Yangu iko chini. Basi kuna somo moja nimeshinda.

Dokta alinivua furaha pale pale. Tumbo likiwaka, alisema, mafuta ya damu yanashuka, kwa sababu mwili unayala na utumbo haupokei mengine. Kwangu karatasi hiyo ni moshi unaoonyesha ulipo moto. Namba ya mrija inapaswa kushuka, ya karatasi inapaswa kupanda. Miaka yote nimewafundisha watoto kwamba alama zikipanda tu ndipo baba hufurahi.

Nimepewa vidonge vya njano, vinne mara tatu kwa siku, pamoja na vingine vidogo vyeupe. Na maziwa nimekatazwa kwanza, mpaka vidonda vipone.

Nilimwomba asimwambie Bauma habari ya maziwa. Alikuwa ameshamwambia.

Jumapili, 6 Aprili. Pasaka

Nimelala usiku mzima bila kuamka. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Nimekula wali, nikaomba tena. Damu hakuna, siku ya tano.

Mkojo umekuwa rangi ya chungwa kwa ajili ya vidonge. Bauma aliuona ndoo ikipita.

"Unaona? Inatoka sasa. Umeacha maziwa yake, unapona. Unataka nani tena akuambie?"

Ukoo unakutana Jumamosi ya tarehe 3 Mei. Amekwisha kutuma watu.

Yaani kupona kwangu ndiko kunakomhukumu. Kila kijiko cha wali ninachomeza ni ushahidi dhidi yake. Nimefurahi kupona na nimeumia, vyote pamoja, siku ya Pasaka.

Jumatatu, 21 Aprili

Mrija: thelathini. Karatasi ya Bukavu: gramu moja na nukta nne. Imepanda!

Kwanza nilimfikiria yule mkurugenzi mnene na siagi yake. Halafu nikakumbuka kwamba kwangu kupanda ni kuzuri. Papa Anselme alinishika mkono akautikisa kama nimeoa.

Nilimwuliza dokta kuhusu maziwa. Alisema sasa nijaribu, nusu kikombe, nione. Nikasema vizuri sana, nitakunywa ya Mama Uwera mpaka siku ya ukoo, wote waone sikuugua, mambo yaishe.

Alitikisa kichwa. Ugonjwa huu huenda na kurudi, alisema. Unaweza kulala mwaka, ukaamka bila maziwa wala sumu wala kosa la mtu. Nisimtundike mtu kwenye tumbo langu.

Kesho narudi nyumbani. Maneno hayo nitaenda nayo, yananiuma kuliko sindano.

Jumatano, 23 Aprili

Mama Uwera hajaja tangu nibebwe. Amesikia. Nilikwenda kwake mwenyewe, nikipumzika mara tatu njiani. Niliomba maziwa. Alikataa.

"Hapana, mwalimu. Ukigonjwa kesho, bantu batasema nini? Mume wangu tayari anatafuta njia ya kuhamisha ng'ombe."

Nilikaa mpaka jua likainama. Mwishowe alinimiminia nusu kikombe. Alionja, akaonja tena mara ya pili, ili niwe na hakika. Hapo nilitaka ardhi inimeze.

Jumapili, 27 Aprili

Maumivu. Upande wa kushoto, tangu asubuhi. Nimemficha Mama Furaha. Nilikwenda chooni nikaogopa kutazama. Nikatazama. Damu hakuna.

Nilikula maharagwe mengi jana kwenye ubatizo, sahani mbili, kwa ulafi wa mtu aliyefungiwa. Labda ni hayo. Lakini kama ningeona damu leo, Mama Uwera angekuwa amekwisha. Kwa sahani ya maharagwe.

Dokta ana haki. Tumbo langu si shahidi wa kutegemewa.

Ijumaa, 2 Mei

Maumivu yaliisha siku ile ile. Nilikwenda hospitali kwa mguu wangu, polepole. Mrija: kumi na sita.

Nimefungua sanduku. Daftari la Mubi, nililoandika mwaka ule, liko chini kabisa, limefungwa ndani ya shati. Nimesoma ukurasa ule mara moja tu. Nimemwambia Mama Furaha kwanza, kabla ya wengine, kwa sababu anastahili. Kisha akasema alinioshea mashuka miaka miwili bila kulalamika, kwa nini nilidhani angechukia suruali moja. Nililia kidogo.

Jumamosi, 3 Mei

Nyumbani kwa Bauma. Watu kama ishirini. Mama Uwera na mumewe waliitwa, wakakaa kando karibu na mlango kama watu wanaojua watatoka kabla ya chakula.

Bauma alisema yote. Maziwa, mkojo wa chungwa, damu nzito. Alisema vizuri, kwa kweli, angefaa ualimu. Watu waliinamisha vichwa kukubali.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa kueleza mrija na karatasi. Nikaviacha. Nilifungua daftari la Mubi nikasoma, tarehe kwanza, kwa sauti ninayotumia darasani kwa sababu sina nyingine. Mkaguzi, suti nyeupe, mito ya Kongo, watoto hamsini. Nilisoma mpaka mwisho. Niliona Bauma akihesabu miezi kwa vidole.

Nikaongeza: ugonjwa unaweza kurudi, dokta amesema. Ukirudi, si Mama Uwera. Nikifa nao, si yeye. Nasema leo nikiwa mzima ili asije mtu kunisemea.

Nilitamani kutoroka. Ndipo shangazi yetu Mama Mwamini, mzee kuliko wote pale, akauliza kutoka pembeni:

"Na ulirudi nyumbani umevaa nini?"

Hiyo sikuwa nimeiandika. Nikasema ukweli. Nilijifunga ramani ya Kongo kiunoni.

Shangazi alianza. Alicheka mpaka akashika mbavu. Wakafuata wake wa binamu, kisha wanaume, kisha mume wa Mama Uwera, aliyejaribu sana kujizuia. Mtu akauliza Kinshasa ilikuwa upande gani. Mimi nilisimama na daftari mkononi, uso ukiwaka, na kifua kikawa chepesi kuliko siku zote.

Bauma alicheka mwisho, bila kupenda. Halafu akafuta macho.

"Sasa juu ya nini ulinyamaza? Miye nilikuwa natembea kwa chefu kila juma!"

"Ni haya tu," nikasema.

"Haya," naye akasema, kwa hasira. Hakumwomba Mama Uwera msamaha. Lakini chakula kilipokuja, alimpelekea mumewe sahani kwa mkono wake, na alikuwa ameijaza.

Jumanne, 6 Mei

Darasani tena. Nimeenda chooni mara moja tu, wakati wa mapumziko, kama binadamu. Hatua arobaini na moja. Nimezunguka maua.

Habari ya ramani imeshafika shuleni. Watoto wanajiuma midomo nikikaribia ukuta wenye ramani. Waache.

Jumatano, 14 Mei

Asubuhi darasa la tano walisoma kwa sauti, kila mmoja kwa zamu, mpaka kengele. Hawakunakili kitu. Mmoja aliuliza kama ninaumwa.

Vidonge naendelea navyo. Mwezi ujao mrija tena, na chupa nyingine ya Bukavu. Mkanda umerudi tundu la pili.

Jioni Mama Uwera alikuja, mara ya kwanza tangu siku ile. Tulisalimiana, tukaulizana watoto. Alimimina, akainua kikombe kupeleka mdomoni.

Nilikichukua kabla hakijafika. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, haujui pa kwenda. Nilikunywa chote.

Akauliza maziwa ni namna gani.

Nikasema mazuri, yana moshi kidogo. Akasema ni kwa sababu ya kibuyu kipya alichofukiza; hakuwa amejua, maana leo hakuonja.