Sahani Moja Ng'ambo ya Sirari

Keroka,
6 Juni 1976

Ogari, mdogo wangu,

Usiichane kwanza. Soma mpaka chini, halafu ukitaka kuwashia moto, washa. U mzima? Na mkeo Bochaberi, kile kifua bado kinamsumbua wakati wa baridi? Huku tunapumua. Mimi nimestaafu tangu Krismasi. Baada ya maisha yote ya kuendesha malori ya barabara, serikali imenishika mkono na kunipa saa ya ukutani. Sasa nakaa naiangalia ikitembea na mimi nimekaa.

Utauliza ni wazimu gani umenipata. Basi sikia. Nimeyarudia maneno ya kile kiapo moja moja, vile nilivyokuwa nikikagua tairi kabla ya safari. Tulisema nini mbele ya mzee Angwenyi na wenzake, mwaka ule wa sitini na tano, tulipogombea mpaka wa shamba la baba? Kwamba undugu umekwisha. Kwamba yeyote kati yetu atakayekula chakula cha mwenzake, au kuingia chini ya paa lake, au kumsemesha kwa mdomo, katika nchi hii ya Wagusii, afe.

Kwa mdomo, Ogari. Na tuliapa kwa Ekegusii. Barua si mdomo, na Kiswahili ni lugha ya shule na ya polisi, hakikuwepo siku ile. Mimi ni mzee sasa. Nataka kujua ndugu yangu anaendeleaje. Nijibu.

Kaka yako,
Nyangau


Nyacheki,
20 Juni 1976

Kaka Nyangau,

Barua yako nimeisomea nje, katikati ya majani ya chai, nimesimama. Sikuthubutu kuiingiza ndani. Kiswahili chako kina matope ya barabarani, lakini nimekielewa chote, na nimefurahi mpaka nikaona haya. Mimi sijambo. Nami nimeacha kufundisha. Watoto wa siku hizi wananishinda. Bochaberi bado anakohoa. Bitutu mkeo yu mzima? Na mwanao Onyancha?

Mchungaji wetu, Jethro, anasema viapo ni kazi ya shetani na mtu wa Sabato hapaswi kuviogopa. Nikamwambia aape yeye basi, kisha ale, tuone. Alicheka, lakini hakuapa. Maana hata yeye anajua habari za mwanao Kemuma. Mimi sijazisahau zile ndizi. Bochaberi alizituma kwa wema tu, kaka, alidhani kiapo ni cha wanaume. Mtoto akala, na kabla mwezi haujaisha mkamzika. Mlisema ni surua. Tangu siku hiyo Bochaberi hajampa jirani hata chumvi.

Na wa kutufungulia hayupo. Waliofunga kiapo ndio wakifunguao, na Angwenyi, wa mwisho wao, amekwisha kufa. Basi tuandikiane tu. Hilo nalo si dogo.

Mdogo wako,
Ogari


Keroka,
11 Julai 1976

Ogari, mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa huyo mkohozi wako. Mwambie sina kinyongo naye, wala sijawahi kuwa nacho. Sisi wazima, isipokuwa miguu yangu inavimba jioni. Ni kukaa sana.

Sasa ongeza macho. Kiapo kilisema "katika nchi hii ya Wagusii." Je, Tarime ni nchi ya Wagusii? Musoma ni nchi ya Wagusii? Ndani ya Kenya sitaki kubahatisha, Wagusii wametapakaa kila mahali, lakini huko si kwa Wagusii, si hata Kenya! Nimenunua pikapu ya Pijo, kuukuu lakini injini yake ni mwanamke mchapakazi. Twende, tutembee siku tatu kama wazee wa Kizungu. Njia ile naijua, niliwahi kupeleka greda huko enzi za mkoloni. Ukishavuka Sirari unaingia kwenye milima ya Tarime, barabara inazunguka na mabonde yako chini yako, kijani mpaka macho yanachoka. Halafu feri ya mto Mara, viboko wamelala kama mawe. Halafu Musoma, kuna mawe makubwa yamepandana juu ya ziwa na hakuna aliyeyapanga. Hapo tununue sato, maana najua nyinyi wa Sabato hamli samaki asiye na magamba, tukae chini, tule sahani moja. Mara moja tu kabla sijafa.

Unasemaje?

Kaka yako,
Nyangau


Nyacheki,
1 Agosti 1976

Kaka Nyangau,

Habari za huko? Huku wazima wote. Barua yako nimeisoma hadi karatasi imelainika. Nataka kuja. Usiku nalala nikiyaona hayo mawe. Nimeitoa ramani yangu ya shule na nimeitundika ukutani, Bochaberi anasema nimekuwa mtoto.

Lakini nina swali, usinicheke. Pikapu yako ina paa. Kutoka Kisii mpaka mpakani nitakuwa chini ya paa lako, katika nchi ileile. Na tukikaa pamoja mwendo wote huo, je, hatutasemezana?

Mdogo wako,
Ogari


Keroka,
15 Agosti 1976

Mwalimu wee!

Hujambo? Nimecheka mpaka Bitutu akaja kuuliza nani amekufa. Nyuma ya pikapu hakuna paa, kuna anga la Mungu. Nitakifunga kiti kwa kamba, utakaa huko nyuma na kofia yako kama chifu anayezuru tarafa. Nitakukuta Suneka, utapanda bila kuniambia neno, nami sitageuka. Tukifika Sirari utashuka, uje mbele, na hapo ndipo nitakapokuambia, "Ogari, habari ya siku nyingi." Hilo neno nimeliweka.

Twende Desemba, mwanzoni.

Kaka yako,
Nyangau


Nyacheki,
17 Oktoba 1976

Kaka,

Salamu nyingi. Bochaberi ameanza kushona mto wa kile kiti, uniamini. Miguu yako imepungua?

Nakuomba jambo moja, tusiende Desemba. Mvua hii haitakuwa imekwisha, na milima ya Tarime itakuwa imefunikwa na ukungu. Tukienda Februari tutaona mpaka mwisho wa macho. Mimi sijawahi kutoka nchi hii, kaka. Kama ni kwenda mara moja, basi nione vizuri. Na feri ile mto ukifurika itakuwaje? Jumatatu tarehe 14 Februari ni siku nzuri, Sabato itakuwa imepita.

Mdogo wako,
Ogari


Keroka,
7 Novemba 1976

Ogari,

Natumaini u mzima. Mimi si haba. Miguu haijapungua, daktari wa Kisii amenipa vidonge na kusema moyo umechoka kusukuma. Nikamwambia na mimi nimechoka, tuko sawa.

Ukungu! Mimi siendi kuona milima, naenda kukuona wewe. Milima nimeiona. Lakini umekuwa mbishi tangu ukiwa mgongoni kwa mama, na kiti ni chako. Februari basi.

Kaka yako,
Nyangau


Nyacheki,
8 Februari 1977

Kaka Nyangau,

Hali yako? Nilikuwa nimeshakunja nguo redio iliposema Tanzania imefunga mpaka. Nilidhani nimesikia vibaya. Nimekwenda mpaka Kisii kuuliza, wananiambia hata kuku havuki, na hakuna ajuaye mpaka lini.

Desemba tungevuka. Mvua yenyewe ilikatika mapema, hata ukungu haukuwepo. Mimi ndiye niliyesema tungoje. Nitamwambia nani?

Uganda siwezi, na wewe usithubutu kuitaja. Tunajua wanaokwenda huko na hawarudi.

Mdogo wako,
Ogari


Keroka,
27 Februari 1977

Ogari, mdogo wangu,

Acha kulia kama mjane. U mzima? Mimi nalala nimeketi siku hizi, nikijilaza napungukiwa na pumzi. Kwa hiyo nina muda wa kufikiri, na nimefikiri mambo mawili.

La kwanza. Juzi nilijikokota mpaka kwenye ile migomba tuliyoigombania. Baba alipanda safu moja akasema, huu ndio mpaka. Wewe ulirudi kutoka ulikofundisha ukasema safu iko huku, mimi nikarudi kutoka kazini nikasema iko kule. Kila mmoja akaapa kwa roho safi. Ogari, mgomba unatembea! Mama anakatwa, mtoto anachipuka pembeni, naye akikatwa anachipuka wa pembeni zaidi. Miaka yote tuliyokuwa mbali ile safu ilikuwa safarini. Mimi mkulima, mtoto wa mkulima, sikuliona hilo kwa sababu ya hasira. Hakuna aliyesema uongo. Lakini kiapo ni kiapo, hakiulizi sababu.

La pili. Onyancha wangu amepeleka ndizi Isebania, pale mpakani upande wetu, na amerudi na habari. Kati ya kizuizi chetu na kizuizi chao kuna kipande cha barabara ambacho si cha mtu. Nyasi zimeanza kuota juu yake. Askari wa upande wetu ni Mkisii, Onyancha ameongea naye, atatuacha wazee wawili tusimame pale muda wa kula. Sato hakuna, ziwa hakuna. Bitutu atapika ugali wa wimbi na mboga chungu, ile chinsaga unayoijua. Nitabeba sahani moja. Na milima ya Tarime utaiona kutoka pale, bila ukungu, bwana mkubwa.

Jumapili tarehe 13 Machi, asubuhi, Suneka. Usiniambie habari za mvua.

Kaka yako,
Nyangau


Nyacheki,
4 Machi 1977

Kaka,

Nitakuwepo. Iwe mvua, iwe mawe. Lala vizuri, umeze vidonge, usinyanyue kitu.

Mto wa kiti uko tayari. Ni mwekundu.

Mdogo wako,
Ogari


Keroka, ndani ya pikapu yako,
20 Machi 1977

Nyangau, kaka yangu,

Leo sikuulizi hali.

Nilikaa Suneka na mto wangu mwekundu kwapani mpaka maduka yakafungwa. Nilikutukana moyoni, nikasema dereva gani huyu. Kesho yake Onyancha alikuja Nyacheki, akasimama nje ya ua, akaniambia. Kwamba uliamka kabla ya jogoo. Kwamba viatu vilikataa kuingia ukavaa makubazi. Ukakikaza kiti kwa kamba, ukaweka chakula na sahani iliyofungwa kitambaani, ukawasha injini ili ipate moto. Bitutu akaisikia ikinguruma, ikinguruma, na gari haliondoki. Alipotoka alikukuta umeegemea usukani.

Siku ya kukuzika tulisimama barabarani, mimi na Bochaberi, ng'ambo ya migomba, kama inavyotakiwa. Nilikuwa naisikia sauti ya udongo. Nikaitazama ile safu. Ni kweli, kaka, imetembea, imekaribia barabara kabisa, na wewe unafukiwa na mimi nimesimama nyuma ya migomba. Hapo nikavuka. Kuna mzee alipiga kelele, "Ogari, rudi!" Sikurudi. Nilipita katikati ya watu wakinipisha, nikaingia chini ya paa lako, nikamwomba Bitutu chakula. Akalia, akasema, "Unataka nizike wawili?" Basi nikajipakulia mwenyewe. Nilitumia ile sahani. Nikala upande mmoja, upande wako nikauacha, na nilipomaliza nikasema kwa sauti, kwa Ekegusii, kwamba nimeshiba kwa ndugu yangu.

Bochaberi hanisemeshi. Watu wananitazama kama maiti iliyokosea njia. Mimi nalala humu garini, mahali ulipokufa, nangoja. Kama kile kiapo kina nguvu, tutaonana kabla kaburi lako halijaota nyasi, na itakuwa tulikuwa na sababu. Kama hakina, basi Kemuma alikufa kwa surua tu, na sisi tulinyimana ugali mpaka ukafa, na hakuna aliyetuzuia isipokuwa sisi. Nakwambia kweli, kaka: nakiombea kiwe na nguvu.

Barua hii naiacha chini ya kiti chako.

Mdogo wako,
Ogari


Nyacheki,
29 Mei 1977

Kaka Nyangau,

Nyasi zimeota kaburini kwako, nimetoka kuziona.

Mimi ni mzima. Hata mafua sina.

Mdogo wako,
Ogari