Majina Kabla ya Gazeti

Meru mlimani, Septemba 1957

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Kahawa ya huko kwenu Sekei imeiva? Huku yale mafua ya ng'ambo yametufikia. Shule ina gazeti moja, husomwa kwa sauti wakati wa chakula. Likitaja waliokufa kwa mafua hayo, wasichana tulikuwa tunasukuma sahani kando bila kula.

Ndipo binti yako Lydia akaomba kulisoma yeye. Kabla ya kulifungua, akawa anataja wenzetu waliopona siku hiyo. Tukapiga makofi, tukala. Shangazi, umezaa mtu!

Tangu Jumapili amelazwa yeye. Usiogope, uji anakunywa. Sasa nasoma mimi. Jana nilitaja watatu waliopona, na hakuna aliyepiga makofi. Wanangoja jina lake.

Mtoto wa kaka yako,
Ndeshi