Jicho la Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Wameingia. Mchana kweupe! Nilitoka kununua uzi wa bluu na zipu, nikarudi nikakuta nondo za dirisha la jikoni zimeng'olewa kama meno ya mtoto. Ovaloki, mashine yangu ya kumalizia kingo za nguo, haipo. Cherehani ile ya zamani wameiacha — nzito, au wameidharau. Mfuko wa nguo zilizokwisha wameubeba mzima mzima, na ndani yake gauni la mkunga, lile la kuagwa kazini. Nguo za watu! Wangechukua zangu ningelia yakaisha.

Polisi wamekuja, wameandika, wameondoka.

Nimempigia mume wangu huko kambini, kwenye mradi wao wa barabara. Yeye anapima ardhi, mimi napima viuno. Ndivyo tunavyoishi, miezi kwa miezi, kila mtu na futi yake. Akasema nitafute kampuni ya ulinzi, zile zenye king'ora na watu wanaokuja kikilia. "Wewe ndiye uko hapo. Wewe chagua."

Haya. Nitachagua.

Jumatano, 5 Machi

Wakala wa kwanza. Tai nyekundu, viatu vya kujitazamia. Dirisha lililovunjwa hakuligusa hata kwa macho. Alitazama pazia, televisheni, makochi — alikuwa anapima mfuko wangu, si nyumba yangu.

Kila swali, jibu moja: "Hilo limo ndani ya kifurushi, mama." King'ora kikilia nani anakuja? Limo ndani ya kifurushi. Baada ya muda gani? "Muda unaofaa." Unaomfaa nani, mimi au mwizi? Akacheka. Mimi sikucheka.

Mwishoni akauliza baba mwenye nyumba atapatikana lini, ili wazungumze mambo ya msingi.

Nikamwonyesha mlango. Hauna king'ora lakini unafunguka vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Wifi kaja kunipa pole. Dada mkubwa wa mume wangu, ana duka la daftari na sare mtaa wa pili, na ushauri hauishi, wala haulipishi. Weka kamera kila kona, anasema, hata chooni ukiweza! Yeye dukani kwake anaona mpaka nzi akitua kwenye kaunta. Nikamwambia hapa si duka, wifi, hapa watu wanavua nguo. Akasema mtu mwema hana cha kuficha.

Mkunga naye kaja. Nilikuwa namwogopa kuliko polisi. Akasema sherehe alikwenda na gauni la zamani, zipu ikakatikia kwenye hotuba, na bado walimpigia makofi. "Nishonee jingine taratibu. Mimi nimestaafu, sina haraka tena na kitu chochote." Mungu ambariki. Ndiye aliyenizalisha watoto wote wawili, na hata siku ile hakupandisha sauti. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Jumanne, 11 Machi

Wakala wa pili, na huyu ndiye! Msichana wa raba chafu, kalamu sikioni. Kabla ya kukaa alizunguka nyumba, akapanda kigoda, akasukuma kila dirisha kwa bega. Akaniambia ukweli ambao sikuupenda: mlango wa nyuma ni wa kuombewa dua tu.

Kanieleza bila mbwembwe. Vidude vya sumaku milangoni na madirishani. Mtu akifungua wakati umewasha, king'ora kinalia, na kituoni kwao kuna mtu macho kodo anaona ni mlango gani. Anapiga simu. Usipopokea, walinzi wanapanda pikipiki. Kitufe cha dharura nitakiweka mezani, karibu na mkono unaoshika mkasi. Kamera moja, nje, juu ya geti.

Akauliza kuhusu ndani. Nikasema ndani hapana. Kioo kikubwa kiko sebuleni, mwanga uko sebuleni, wateja wangu wanajaribia nguo sebuleni. Mwanamke anayekuja kwangu amebaki na sidiria na imani tu. Msichana akaelewa. Kaandika: ndani hakuna, kapiga mstari chini yake.

Mkataba ni wa mwaka mmoja. Nimeusoma mara mbili mbele yake, miwani puani, chaki mkononi. Kipengele kimoja kilisema kampuni inaweza kubadilisha masharti "kwa kumjulisha mteja". Kumjulisha kwa tarumbeta? Akakiri kwamba ni kwa ujumbe wa simu tu. Nikamwambia akiondoe, akampigia mkubwa wake, kikaondolewa. Nilijisikia wakili!

Imebaki sahihi.

Alhamisi, 13 Machi

Sahihi si yangu. Hati ya nyumba ina jina la mume wangu, kwa hiyo mkataba lazima usainiwe naye. Wamemtumia kwenye simu. Sawa, nikasema, kidole tu hicho.

Jioni kanipigia, sauti ya mtu aliyeokota pesa. Meneja wao kampigia moja kwa moja. Badala ya mwaka mmoja, miaka mitatu — halafu wanatupa kamera ya ndani bure. Bure! Ameshasaini.

Nikamwuliza, ulisoma?

Alipitia.

Mtu anayepima kipande cha barabara mara tatu kabla ya kokoto kumwagwa, mkataba wa miaka mitatu "alipitia". Na kile kipengele changu? Hajui kipengele gani. Nikamkumbusha habari ya wateja wangu. Akasema tutaona, usijali, mambo madogo hayo.

Nimeshona pindo lote nje ndani. Nimelifumua. Nalala.

Jumapili, 16 Machi

Jana wamefunga. Mafundi wawili, vumbi chumba kizima, na vitambaa vyangu vyeupe viko wazi. Msichana wa raba hakuwepo. Kamera wameipachika juu ya kabati la vyombo, inatazama meza yangu ya kushonea uso kwa uso. Nikawaambia hiyo hapana. Wakaangalia karatasi: ni maagizo ya mteja.

"Mteja ni mimi."

"Hapana, mama. Mteja ni huyu hapa." Kidole kwenye jina la mume wangu.

Nilimpigia nikiwa nimejaa hadi hapa. Lakini alianza yeye. Kwamba tangu siku ya wizi halali. Akifumba macho anaona lile dirisha, na mimi ndani yake. Kamera wameiunganisha na simu yake, na leo mchana aliniona humo nimeinama juu ya cherehani, akaweka simu kifuani, akapitiwa na usingizi palepale kwenye kiti, wenzake wakamcheka. "Nikikuona tu, roho inatua."

Ungefanya nini na maneno kama hayo? Nikameza niliyokuja nayo. Iache basi wiki hii, nikasema.

Jumatano, 19 Machi

Simu zake za leo. Mbona hujala mchana? Yule aliyekaa kwenye kiti changu nani? (Mkusanya takataka. Aliomba maji.) Ile taa mbona inawaka na jua lipo? Unamcheka nani?

Unamcheka nani!

Nilikwenda kutafuta mlinzi, nimepata mnyapara.

Jumamosi, 22 Machi

Leo leo leo. Niandike kabla sijasahau hata chembe, ingawa sitasahau.

Wifi kaja kujaribu blauzi yake ya harusi ya binti wa jirani yake. Wateja wengine wiki hii nimewapeleka chumbani, nikamwambia na yeye twende huko. Hataki. Chumbani giza, kioo kidogo, yeye si mwizi ajifiche. Nikasema wifi, kuna kamera. Akasema iko wapi, kile kidude? Si kinawaka pale mwizi akiingia tu? Nikamwambia hapana, kinaona saa zote. Ah, akasema, nani ana muda wa kutazama vikongwe! Blauzi hiyooo, juu ya kochi.

Nina pini mdomoni. Yeye mikono juu, anajigeuza mbele ya kioo, anasifia kiuno ambacho kilishahama zamani. Simu yangu ikalia. Nikabonyeza spika kwa kiwiko.

"Mwambie dada avae nguo!"

Sauti ya mume wangu, imepasuka kama ya kijana anayebalehe. Na nyuma yake — Mungu nisamehe — wanaume wanacheka.

Wifi alisimama kama aliyemwagiwa maji. Halafu akachukua kitambaa cha kwanza alichokifikia, hariri ya watu, mita nne, akajizungushia yote. "Uko na nani hapo?" akapiga kelele kwenye simu. "Nakuuliza, uko na nani?" Mdogo wake akaapa hakuna aliyeona, simu alikuwa ameishika yeye, wenzake wanacheka mambo yao mengine. Wifi akamwambia maneno ambayo sitayaandika, yanayohusu nani alimbeba mgongoni na nani alimfuta makamasi, na leo anamchungulia.

Mimi pini zilikuwa bado mdomoni. Nilitamani kucheka na kulia, nikaogopa kuzimeza.

Alipoondoka, blauzi kaivaa kinyume. Mlangoni akageuka. Nilidhani atanilaumu. Akaniambia kwa sauti ndogo: wifi, ulisema, sikusikia. Iondoe.

Baadaye nikampigia mume wangu. Sasa umeona, nikasema. Alikuwa mnyonge, ana aibu, lakini kuondoa? Hapana. Wateja waende chumbani. "Dada mwenyewe mkaidi." Kamera haina kosa.

Jumanne, 25 Machi

Habari imefika kila mahali. Karani wa benki kaja kuchukua kitambaa chake, hakijakatwa, kakikunja vizuri kabisa, "nitarudi wiki ijayo". Hawarudi wanaokunja vizuri hivyo. Mwingine kasimama mlangoni akiongea nami kwa mbali kama nina ugonjwa.

Chumbani hakushoneki. Leo nimemchoma mtu pini mara mbili kwenye mbavu.

Nimepiga simu kwenye kampuni. Muziki. Bonyeza moja, bonyeza nne. Muziki. Kisha binti mwenye sauti ya asali: kamera inaondolewa kwa ombi la mwenye mkataba. Mimi nani kwake? Mke wake. Anaelewa, mama. Mimi ndiye ninayeishi ndani. Anaelewa kabisa, mama. Basi ombi langu liandikwe. Mimi simo kwenye mkataba, mama, mimi nimo kwenye "wakazi". Nikaomba kuzungumza na msichana wa raba. Ameacha kazi.

Mume wangu nimempigia tena, kwa upole safari hii. Nimemweleza karani wa benki, nimemweleza mbavu. Kasema nivumilie mpaka arudi likizo. Likizo yake hata yeye haijui.

Basi. Kipande cha pamba nyeusi kilichobaki kwenye sketi. Nimekipima kidude kile kwa futi kama kichwa cha mtoto mchanga. Nimekishonea kofia. Nimeitia bitana, nikazungusha utepe mwembamba wa dhahabu, maana mimi sishoni ovyo hata nikiwa na hasira. Bado sijakivisha.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika huku wamesimama.

Asubuhi mkunga kaja kujaribu gauni lake jipya. Nikaangalia kile chumba chenye giza, nikaangalia mbavu zake, mwanamke wa umri ule. Nikapanda kwenye kigoda, nikakivisha kidude kofia. Imekaa kama imezaliwa nayo! Mkunga kavua kwa amani, mbele ya kioo kikubwa, kwenye mwanga. Nimefunga kifua, nimefika kwenye mikono, pini kila mahali — pikipiki. Mbili. Ngumi getini.

Kumbe ukikiziba, kituoni wanaonyeshwa kwamba kuna uharibifu.

Mkunga kakimbilia chumbani, nusu gauni. Nimefungua. Walinzi wawili, kofia ngumu, marungu. Mkubwa wao ana heshima zake, kavua kofia.

"Samahani, mama. Tunaomba neno."

"Neno gani?"

"Neno la usalama. Ukilitaja, tunaondoka."

Sijawahi kusikia kwamba kuna neno! Sikuambiwa na fundi, sikuambiwa na mume. Nimewaambia hii ni nyumba yangu. Wamesema ndiyo, mama, kila mtu husema hivyo. Nimewaonyesha picha ya harusi ukutani. Yule mdogo kaitazama, kanitazama, kaitazama tena. Haikunisaidia, ile ni ya miaka ishirini iliyopita na kilo zangu hazikuwepo.

Mkunga kapaza sauti kutoka chumbani, mara ya kwanza maishani namsikia: "Huyo nimemzalisha mimi mwenyewe! Watoto wawili! Mnataka ushahidi gani?"

Mkubwa kauliza kwenye redio kama kuna mkunga kwenye orodha. Hayumo.

Hawana ruhusa ya kuondoka mpaka mwenye mkataba athibitishe. Mwenye mkataba hapatikani, yuko bondeni anapima. Kwa hiyo nimekaa kwenye meza yangu, nimechukua daftari hili. Wanadhani naandika vipimo. Nimewapa viti, wamekataa. Mkunga anauliza kama anaweza kushusha mikono. Nimemwambia ashushe taratibu.

Simu ya mkubwa imelia sasa hivi. Wamempata. Nasikia sauti yake ikitoka kule, ndogo, ya wasiwasi: yuko salama? Ameumia? Mkubwa anasema hapana, bosi, ila hatujui kama ndiye. Wanaongea. Mkubwa anatikisa kichwa, anaitikia ndiyo, ndiyo.

Kanifuata, simu ameiziba kwa kiganja, anaona haya. Anasema baba anaomba niivue ile kofia kidogo tu, anione kwenye kamera, ndipo awaambie kama ni mimi.

Nimemwambia amwulize sauti yangu haitoshi?

Kaipeleka simu sikioni, kauliza. Anasubiri jibu. Na mimi nasubiri.