Landrova ya Shemeji na Gunia la Majani Chai

Ndugu Hezroni usiyejua hata kushika spana,

Salamu kutoka kwa fundi. Jana baridi ya huku Merigi ilizidi, nikafunika injini ya landrova ya shemeji na gunia la kubebea majani chai, ilale na joto kama ndama. Asubuhi dada Raeli akashikwa na uchungu wa kuzaa. Napiga stata, injini inazunguka tu, haiwaki. Petroli inafika, naisikia harufu. Natoa plagi, hazitoi moto. Raeli analia, "We fundi wa mdomo, nizalie humu?" Nafungua kifuniko cha distributa, ile inayogawia plagi moto: maji matupu! Kumbe gunia lilikuwa bado na unyevu wa shambani. Nikakipangusa na kitambaa cha kichwa cha Raeli, nikakikausha juu ya makaa, nikakirudisha, injini ikanguruma. Kericho nzima nani ananishinda?

Sasa Raeli yuko wodini hapa zahanati, mimi niko nje. Petroli inaisha lakini sizimi. Nesi akisema tumpeleke hospitali kubwa, na gari ikatae tena?

Naandikia juu ya boneti. Ukiona mwandiko unatetemeka, usicheke, ni injini. Mwambie mama aombe.

Mdogo wako mpendwa,
Musa