Sauti Yako Juu ya Mafiga

Mpendwa Mama,

Kompyuta imekufa. Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe uliyeitunza kuliko sisi sote, na kwa sababu hapa nyumbani kila mtu ana maelezo yake. Haya ndiyo niliyoyathibitisha.

Gazeti liliponihamishia Tanga niliiacha hapa nyumbani Magamba, mezani karibu na dirisha. Ndani yake kulikuwa na sauti yako. Unazikumbuka zile asubuhi tulizokaa uani tukipukuchua maharage, kinasa sauti nimekiweka kando ya ungo? Ulisimulia kwa Kishambaa ulivyokuja kuolewa kutoka Mtae, kwa miguu, viatu umevishika mkononi visichafuke. Katikati ukacheka. "Na hili nalo utaliandika gazetini?" Hakuna nakala nyingine.

Kisha masika yakaingia. Ukungu ukawa unapita dirishani kama mwenyeji, nawe ukakuta meza imelowa. Ukafanya anachofanya mwanamke yeyote wa milima hii kwa kitu asichotaka kioze: ukalifunga boksi la chuma la kompyuta kwa kanga, ukalipandisha darini, juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu. Moshi hufukuza bungua, joto hukausha unyevu. Mdogo wangu Zaina alikuuliza iko wapi, ukamjibu, "Iko na mbegu. Iko salama."

Tuliishusha baada ya arobaini yako. Mahindi tumeyapanda, yameota vizuri. Boksi nililipeleka kwa fundi Lushoto mjini, Zaina akanifuata.

Kijana alilifungua, akatazama masizi, akatutazama sisi.

"Shikamoo mzee. Humu mlikuwa mnakausha nyama?"

"Marahaba. Diski inasoma?"

"Inazunguka. Lakini inaomba ifomatiwe, yaani ifutwe yote."

"Usithubutu!" Zaina akadakia. "Ni mama yetu huyo."

Fundi akaacha kutania. Alieleza kwamba mfumo wa mafaili umeharibika. Diski ni kama lori la kabichi ambalo magunia yake yamefutika alama za wenyewe: mzigo huenda upo, lakini hakuna anayejua wa nani, wala unaanzia wapi. Aliendesha programu ya kurekebisha makosa. Ikakwama, ikaendelea, ikakwama tena. Mafaili yakaanza kutoka bila majina, yana namba tu. Tukayafungua moja moja. Mengi yalikuwa matupu. Mengine yalitoa mlio kama wa mafuta yanayochemka kikaangoni.

Halafu diski ikaanza kugonga. "Hapo ni chuma chenyewe, mzee," fundi alisema. "Joto limekila. Kila nikijaribu, naua kilichobaki."

Zaina alinishika mkono. "Kaka, muulize mwingine."

Niliuliza wengine, Tanga pia. Jibu ni lilelile.

Siku ile kwa fundi wa Lushoto, faili moja lilifunguka. Ni mimi nasema: "Mama, anza tu, kinarekodi." Ungo unasikika ukisogezwa. Kisha mlio ule wa mafuta, mpaka mwisho. Zaina alisema, "Rudia." Nikarudia. Kwa mara nyingine akasema, "Rudia," na fundi akazima spika bila kuombwa.

Hakuna anayekulaumu. Jambo lile ungelifanya tena, na mahali pako ningelifanya mimi. Zaina bado anaamini atatokea mtaalamu. Huwa simkatizi. Mimi sina ninachongoja.

Maneno yako ninayo karibu yote, ni kazi yangu kukumbuka watu walivyosema. Jana nilikaa kuandika kile kisa cha kutoka Mtae ili watoto wa Zaina wakipate. Kiliandikika. Nilipojisomea kwa sauti nilijaribu kukusikia wewe ukikitamka, hasa pale unapocheka. Maneno yalikuja kwa mpangilio wake, bila kosa, na yote yalikuja kwa sauti ya Zaina.

Mola akulaze pema, Mama.

Mwanao wa kwanza