Aliyefungua Ukurasa Hakukosea

Nyumbani kwa dada yako,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkazamjomba, na kwamba kile kikohozi kimeshakuachia. Sisi huku hatujambo. Mama goti bado linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi hauna maradhi, tunamshukuru Mungu.

Najua umenipigia simu mara nyingi tangu siku ile tuliyosherehekea miaka sabini ya mama, nami sikupokea hata moja. Sikuwa na shughuli yoyote. Nilikuwa na aibu tu. Naandika kwa sababu kwenye barua hutauona uso wangu.

Uliyasikia yote, maana shemeji, mume wa mdogo wangu, alishikilia simu karibu na selo, ile fidla kubwa, ili usipitwe na kitu. Ulinisikia nikianza ule wimbo uliokuwa ukimpigia mama zamani, kwa selo ile ile uliyoniachia. Ukasikia upinde ukikwaruza kama mlango wenye kutu, kisha kimya. Halafu ukanisikia nikimfokea mdogo wangu, aliyekuwa akinifungulia karatasi za muziki, mbele ya wageni: "Umefungua ukurasa mapema. Umeniharibia."

Ambacho hukukiona ni uso wake. Kasuku wetu, uliyembandika jina hilo mwenyewe kwa kusema kwake bila kituo, alikuwa ameamka alfajiri kupika na kupanga viti. Aliweka karatasi zangu chini, akaenda jikoni, asiseme neno. Mama akaanza kupiga makofi peke yake. Makofi yale yaliniuma kuliko kuzomewa.

Mjomba, ukurasa ulifunguliwa kwa wakati wake. Mimi ndiye niliyekuwa nimepotea, nipo mistari miwili nyuma, nikatafuta wa kumtwika. Na nimesikia kwamba kesho yake ulimpigia, ukamwambia siku nyingine awe makini. Hakujitetea. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Niliitia selo mfukoni mwake nikaisukuma nyuma ya kabati, nikaenda kwa mwalimu wangu kumuaga. Yule mama hana papara. Alinivutia kiti akasema, "Kabla hujaacha, nionyeshe unavyofanya mazoezi ukiwa peke yako. Usinipigie vile unavyopiga ukija kwangu."

Nikaanza wimbo tangu mwanzo, nikajikwaa palepale ninapojikwaa siku zote, nikarudi mwanzo mbio, nikajikwaa tena.

"Na nyumbani ndivyo hivi?"

"Ndivyo. Kila Jumamosi, kutwa nzima, mpaka vidole viwake moto."

"Basi wimbo hujaufanyia mazoezi. Umefanya mazoezi ya kujikwaa, na umefuzu."

Nilicheka, halafu machozi yakanitoka. Mimi ni mwalimu wa udereva, Mjomba. Kila siku nawakataza wanafunzi wangu kuingia barabara kuu kabla klachi haijawatii uwanjani. Kumbe mwenyewe nilikanyaga mafuta tangu getini.

Siku hizi selo hailali tena mfukoni. Naiegemeza kwenye kona karibu na kitanda, nikirudi kazini iwe ya kwanza kuniona. Napiga kidogo kila siku, singoji Jumamosi. Wimbo siugusi kwanza. Naanza na uzi mtupu usioguswa na kidole, upinde mrefu wa taratibu, mpaka sauti itulie. Kisha nachukua kile kipande kinachonishinda, hicho tu. Nakiimba kwa mdomo, halafu nakipiga polepole kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Kikikubali, ndipo nakiunga na kilichokitangulia. Bega likipanda nalishusha. Mkono ukikaza naacha, hata kama roho bado inataka, na hapo ndipo penye kazi kwangu, maana unanijua. Si mazoezi matamu kusikiliza. Jirani wa juu ameniuliza, kwa adabu zote, kama selo naipiga au naitengeneza.

Alhamisi nilimaliza mistari minne bila kusimama. Mama alikuwa anakunja nguo. Aliacha, akabaki na shuka mikononi. "Hapo ndipo kaka yangu alipokuwa anafumba macho," akasema, akaendelea kukunja.

Ningefurahi. Lakini asiyekuwapo alikuwa Kasuku, ambaye hajakanyaga hapa tangu siku ile, na mimi nilikuwa nakwepa kwake kama mdaiwa.

Jana nikajikaza, nikamfuata saluni. Alikuwa anamsuka mteja. Alinionyesha kiti nisubiri, nikakataa. Nilimvunjia heshima mbele za watu, kwa hiyo sikutaka kumwomba radhi uchochoroni.

"Ukurasa uliufungua sawasawa," nilimwambia. "Kosa lilikuwa langu, nikakubebesha wewe. Nisamehe, mdogo wangu."

Mteja akainamisha macho. Kasuku hakuacha kusuka.

"Nilijua," akasema. "Hata mama alijua. Nilikuwa nangoja kuona kama na wewe unajua."

"Najua. Nilijua tangu siku ile ile."

Akamaliza msuko, akachukua mwingine. "Haya, nimekusamehe. Lakini mjomba bado anaamini ni mimi."

 Nilirudi nyumbani nikatafuta karatasi.

Basi nakuomba, ukishaisoma hii, mpigie yeye kwanza kabla yangu. Usimwambie nimekutuma. Mwambie tu kwamba ulimwonea, na kwamba aliyekudanganya ni mimi. Akinyamaza, msubiri, akishaanza kusema, mwache aseme mpaka achoke.

Mama anakusalimu sana, na shemeji pia. Nifikishie salamu kwa mkazamjomba na wale mapacha, waambie wale washibe, walale mapema. Mungu akulinde huko uliko, aibariki mikono yako.

Mimi mpwa wako, nikupendaye hata ninapokukimbia,

Mwalimu wa Klachi